Kunakili Bila Kujua: Mwongozo kwa Mwandishi wa Hadithi Anayeanza

Maswali ninayoulizwa na waandishi wanaoanza ni yaleyale. "Rafiki yangu kasema hadithi yangu inafanana na riwaya tuliyosoma sekondari, je, nimeiba?" "Nikibadilisha majina na mji, inatosha?" "Kisa nimekitoa kwenye filamu ya Kikorea nikakiandika kwa Kiswahili, kuna ubaya?" Nimeona niyajibu mahali pamoja, kwa hatua, ili ukikwama uwe na pa kurudi.

Simzungumzii mtu anayefungua kitabu cha mwenzake na kukihamisha ukurasa kwa ukurasa. Huyo anajua anachokifanya. Ninazungumza nawe unayeandika kwa moyo safi, kisha siku moja unaoneshwa sentensi yako ndani ya kitabu cha mtu mwingine na kukosa la kusema.

Jambo hili ni la kweli na lina historia. Mwaka 1891 Helen Keller, msichana kipofu na kiziwi wa miaka 11, aliandika hadithi akamtumia Michael Anagnos, mkuu wa shule ya vipofu ya Perkins ya Boston, iwe zawadi yake ya siku ya kuzaliwa. Hadithi ikachapishwa, ikapendwa. Muda si muda ikaonekana kwamba inafanana mno na hadithi ya Margaret Canby iliyotoka kabla Helen hajazaliwa. Helen hakuikumbuka kabisa. Ilipofuatiliwa, ikabainika kwamba huenda alisomewa mwaka 1888, kwa herufi za vidole kiganjani. Mtoto yule aliketishwa mbele ya jopo la watu wazima akahojiwa, mwalimu wake akiwa ameambiwa atoke chumbani. Kumbukumbu yake ilikuwa imeshika maneno na kumwacha mwenye maneno.

Hiyo ndiyo nadharia yote unayoihitaji: akili huhifadhi kitu upesi kuliko inavyohifadhi kilikotoka. Kazi ya hatua zifuatazo ni kuisaidia pale inapokosea.

Kabla ya kuanza: jua kipi ni cha wote

Usianze kwa kuogopa kila kitu. Yatima na mama wa kambo, kijana anayeingia mjini na begi moja, mapenzi yanayokatazwa na wazazi, Sungura anayemzidi Fisi akili: haya ni ya wote. Methali ni za wote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 zina msingi mmoja: hulinda namna wazo lilivyoandikwa, hazilindi wazo lenyewe.

Chukua kisa cha Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani. Kuuawa kwake kwa sindano ya shaba kitovuni, kwa mkono wa mwanawe mwenyewe, kumesimuliwa pwani vizazi kwa vizazi. Mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu alikitungia kisa hicho utenzi. Kisa ni cha watu wa pwani. Beti ni za Kijumwa. Mwandishi wa leo akimfanya Liyongo kuwa nahodha wa jahazi la mizigo anayesalitiwa na mwanawe kwa ajili ya leseni, basi huyo nahodha, jahazi lake na mazungumzo yake ni vya mwandishi huyo. Wewe unaweza kurudi kwenye kisa cha asili na kuchota upya. Kwenye jahazi la mwenzako huna ruhusa ya kupanda.

Utakachohitaji

Daftari mbili, au moja unaloliandika kutoka pande zote mbili. Kalamu za rangi mbili. Mimi natumia nyekundu kwa maneno ya watu na bluu kwa yangu. Rasimu yako ikiwa imechapwa kwenye karatasi, kwa sababu macho hukagua karatasi kwa makini kuliko skrini. Simu au kompyuta yenye intaneti. Msomaji mmoja anayesoma sana, awe mwalimu wa fasihi, mkutubi au shangazi yako asiyekosa kitabu mkononi. Na wiki mbili za kuiacha rasimu ilale.

Hatua

1. Orodhesha ulichokula. Kabla ya kuandika mstari wa kwanza, kaa chini uandike kila hadithi unayokumbuka kuisoma, kuitazama au kuisikia inayokaribiana na unayotaka kuandika. Watu wengi hutaja vitabu tu. Ongeza vitabu teule vya shule, maana hivyo ulivisoma mara tatu au nne kwa ajili ya mtihani na vimekuingia mpaka kwenye mifupa. Ongeza michezo ya redio. Ongeza filamu ulizotazama kwenye vibanda umiza zikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake, kwa sababu hapo hukusikia maneno ya mwandishi wa filamu peke yake, ulisikia na ya mtafsiri. Ongeza zile hadithi za "sehemu ya kwanza, sehemu ya pili" zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp bila jina la mtunzi. Hizi ndizo hatari kuliko zote: zimeshapotezewa mwenyewe kabla hazijakufikia.

2. Tenganisha maneno ya watu na yako. Hapa nitakawia, kwa sababu ndipo nilipoumia mimi.

Niliwahi kupeleka hadithi fupi kwa mhariri wa jarida moja. Ilikuwa na sentensi niliyoipenda kuliko zote, kuhusu mama anayesubiri gari la mwisho. Mhariri akanirudishia na picha ya ukurasa wa riwaya ya zamani. Sentensi ilikuwa pale, imepungua neno moja tu. Nikaapa kwamba sijaiba. Nilipopekua masanduku nyumbani nikalikuta daftari langu la kidato cha pili: nilikuwa nimeinakili kwa sababu ilinigusa, bila alama za mtajo, bila jina la mwandishi. Miaka ikapita, nikahamishia maneno ya daftari lile kwenye jipya, kisha kwenye simu. Kila nilipoyahamisha, yalizidi kufanana na yangu. Yale niliyoyadhani ubunifu yalikuwa mwandiko wangu tu.

Kwa hiyo kila unapochukua neno la mtu, andika papo hapo mambo manne: maneno yenyewe ndani ya alama za mtajo, jina la mwandishi, jina la kitabu, na ukurasa. Tumia kalamu nyekundu. Hata kama ni maneno matano. Hata kama una haraka na daladala imefika. Mawazo yako uyaandike upande wa pili kwa bluu, na tarehe.

Ukitumia simu, fungua mafaili mawili na uyape majina yasiyochanganyika: "YA WATU" na "YANGU". *Tahadhari:* tabia ya kujitumia ujumbe mwenyewe kwenye WhatsApp ni nzuri kwa kutunza wazo, lakini ujumbe uliojitumia huonekana kana kwamba umeutunga wewe. Anza kila ujumbe wa namna hiyo kwa "nimesoma" au "nimewaza".

3. Funga vitabu unapoandika. Ukiandika riwaya ya upelelezi, usisome riwaya ya upelelezi miezi hiyo. Huu ni msimamo wangu na wapo wanaoupinga, lakini nimeona mara nyingi mno rasimu inayobadilika sauti katikati, na nikimuuliza mwandishi alikuwa akisoma nini wiki ile, jibu linakuwa palepale. Ukihisi Kiswahili chako kinakauka, soma kitu cha mbali na kazi yako: ushairi wa zamani, habari za mahakamani, mapishi.

4. Andika wazo lilikotoka, pembeni ya mswada. Kila sura iwe na mstari mmoja: "Ugomvi wa kisima, nilisimuliwa na babu." "Mhusika wa kinyozi, nilimwona stendi." "Barua ya mwisho, sijui." Hayo "sijui" ndiyo utakayorudi kuyachunguza. Usiyafute.

5. Weka alama kwenye kilichokuja kwa wepesi. Rasimu ikimaliza wiki mbili, isome kwa sauti ukiwa na kalamu. Pigia mstari kila sentensi inayong'aa kupita zenzake, kila tamathali iliyokamilika mno, kila onyesho ambalo hukumbuka kulihangaikia. Robert Louis Stevenson alikiri mwaka 1894 kwamba sehemu za mwanzo za riwaya yake ya hazina na maharamia zilitoka kwa mwandishi Washington Irving: baharia mzee, sanduku lake, hata watu waliokusanyika sebuleni. Alipokuwa akiandika, anasema, hakujua. Maneno yalimiminika na aliyaona yake kama jicho lake la kulia. Wepesi peke yake si kosa. Ni sababu ya kukagua.

6. Tafuta. Chukua sentensi uliyoipigia mstari, teua maneno sita hadi nane yanayofuatana, yazungushie alama za mtajo, uyatafute kwenye Google. Tafuta pia kwenye Google Books. Kama unasoma sana Kiingereza, Kifaransa au Kiarabu, itafsiri sentensi yako kwenda lugha hiyo na uitafute hivyo. Huenda uliisoma huko nawe ukaitafsiri usingizini.

*Tahadhari:* kutopata kitu si ushahidi kwamba ni chako. Vitabu vingi vya Kiswahili, hasa vya miaka ya 1970 na 1980, haviko mtandaoni hata kurasa zake chache. Kwa sababu hiyo yule msomaji wako ana thamani kuliko programu yoyote ya kukagua maandishi. Mpe mswada na swali moja: "Wapi umehisi ulishawahi kufika?" Usimuulize kama umeiba, maana kwa heshima atakuambia hapana.

7. Linganisha mifupa. Kama kuna kazi unayoishuku, usilinganishe maneno peke yake. Chora mistari miwili kwenye karatasi. Upande mmoja andika matukio kumi makuu ya hadithi yako kwa mfuatano, upande wa pili ya ile nyingine. Tukio moja au mawili kugongana ni kawaida. Mimi nikiona manne au matano yamefuatana kwa mpangilio uleule, na wahusika wenye uhusiano uleule, nasimama. Kubadilisha Chicago kuwa Mwanza na daktari kuwa mganga hakuondoi kitu. Ni nyumba ileile iliyopakwa rangi nyingine.

8. Badilisha kutoka mzizini. Wanaoanza wengi hukosea hapa, kwa hiyo tuone mfano. Tuseme kifungu hiki ni cha mtu mwingine (nimekitunga kwa ajili ya somo hili):

"Mzee Kombo alifungua barua kwa kisu cha kumenyea machungwa. Harufu ya maganda ikatangulia, maneno yakafuata. Alipofika mstari wa tatu aliufunika kwa kidole gumba, kama anayezuia damu."

Mwandishi anagundua kwamba kimemwingia, anajaribu kukirekebisha:

"Bibi Zuhura alipasua bahasha kwa kisu cha kukatia maembe. Kwanza ilikuja harufu ya matunda, kisha maandishi. Kwenye mstari wa nne aliweka kiganja, kama mtu anayeziba jeraha."

Maneno mengi yamebadilishwa, na bado ni kifungu kilekile. Kisu chenye tunda, harufu kabla ya habari, mkono juu ya mstari, jeraha: vitu vinne, mpangilio mmoja. Kamusi ya visawe haikusaidii hapa. Itakuficha tu, tena kwako mwenyewe.

Acha maneno, jiulize hadithi yako ilikuwa ikihitaji nini. Ilihitaji mtu anayepokea habari mbaya na hataki kuipokea. Basi. Sasa mtazame mtu wako: Zuhura ni nani, yuko wapi, anaweza nini?

"Zuhura hakujua kusoma. Alimpa barua mtoto wa jirani, akamwambia asome polepole. Mtoto alipofika katikati akanyamaza. Zuhura akamuuliza mama yake anauza vitumbua bei gani siku hizi. Wakazungumza vitumbua mpaka adhana ya magharibi, barua ikiwa juu ya magoti ya mtoto."

Hitaji ni lilelile, mzizi ni mwingine. Hiki hakikutokana na kifungu cha kwanza; kimetokana na Zuhura. Usiiwekee kazi hii dakika tano. Onyesho moja linaweza kukula jioni nzima, na mara nyingi litatoka bora kuliko lile ulilolifuta.

9. Taja, au omba ruhusa. Kama umejenga hadithi juu ya ngano uliyosimuliwa, sema mwanzoni au mwishoni: nani kakusimulia kama ameridhia kutajwa, na ngano ni ya wapi. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na kazi za kiutamaduni za jamii, na hata kusingekuwa na sheria, bibi aliyekukalisha usiku kucha akikusimulia anastahili hilo. Kama unaitikia kwa makusudi hadithi ya mwandishi mwingine, mtaje. Ukitaka kutumia kifungu chake kirefu, mwandikie yeye au mchapishaji wake. Kwa swali la kisheria, waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania Bara, au KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kudhani tafsiri inasafisha. Haki ya kutafsiri ni ya mwenye kazi. Hadithi ya Kiingereza iliyogeuzwa kuwa Kiswahili bila ruhusa na kuwekewa jina lako bado ni yake.

Kudhani kisicho na jina hakina mwenyewe. Ile hadithi ya kwenye kundi la WhatsApp ilitungwa na mtu, pengine dada mmoja anayeandika usiku watoto wakishalala, na kuna aliyekata jina lake kabla ya kuisambaza.

Kuweka mistari ya wimbo mdomoni mwa mhusika. Bongo Fleva au taarab, maneno ya wimbo yana mtunzi. Ni rahisi kusema redio ilikuwa ikiimba wimbo wa mapenzi na Zuhura akaizima.

Kuiachia akili mnemba ikuandikie sura. Hatua ya kwanza ilikutaka uorodheshe ulichokula. Programu ile haiwezi kukuorodheshea ilichokula, kwa hiyo hutajua umechukua kwa nani. Itumie kukagua tahajia kama unataka. Hadithi andika wewe.

Ukikwama

*Nimegundua baada ya kuchapisha.* Mwandikie mhariri leo, kabla hajaandikiwa na msomaji. Eleza sehemu gani, ni ya nani, na ilivyotokea. Omba iondolewe au jina la mwenyewe liongezwe. Kama uliichapisha mwenyewe, ishushe, irekebishe, kisha uweke maelezo mafupi juu yake. Usiifute kimyakimya ukidhani hakuna aliyeona.

*Ninashutumiwa, na kitabu chake sijawahi kukifungua.* Hutokea. Watu wawili wanaoishi mji mmoja, wanaoona foleni moja na mgao mmoja wa umeme, watagongana. Usijibu kwa hasira. Kwanza soma kazi yake yote, kisha rudi kwenye orodha ya hatua ya kwanza: je, iliwahi kusomwa redioni, au uliisikia kwa mtu? Kama bado ni hapana, toa daftari la bluu lenye tarehe na rasimu zako za mwanzo. Ndiyo maana nakusihi usitupe rasimu.

*Wazo nililipata kwenye kikundi cha waandishi.* Wanasaikolojia Alan Brown na Dana Murphy walichapisha majaribio mwaka 1989: watu walikaa kikundi wakitaja vitu kwa zamu, na baadaye walipoulizwa walivyovitaja wao, baadhi wakadai vya wenzao. Hawakuwa wakidanganya. Mpigie mwenzako simu, umuulize. Mara nyingi atakuambia endelea.

*Naogopa mpaka siandiki.* Helen Keller alisimulia baadaye kwamba, kwa muda mrefu, hata akimwandikia mama yake barua alishikwa na hofu ghafla kwamba maneno si yake. Nakuomba usifike huko. Margaret Canby mwenyewe, aliyekuwa na haki ya kukasirika kuliko wote, alimwandikia mtoto yule maneno ya upole, akimwambia kwamba siku moja ataandika hadithi kubwa kutoka kichwani mwake. Rasimu ya kwanza iandike bila kukagua chochote. Hatua ya tano mpaka ya nane ni za baada ya rasimu, zisiingie chumbani mapema.

*Mashindano yanafungwa kesho na sijakagua.* Usiku huu fanya hatua ya tano na ya sita kwenye ukurasa wa kwanza na wa mwisho, maana huko ndiko waandishi hukopa zaidi. Shaka ikiwa ya sentensi, itoe na uandike nyingine iliyo nyepesi. Shaka ikiwa ya mifupa yote, hadithi hiyo ibaki nyumbani. Peleka nyingine uliyo nayo, au subiri mashindano yajayo.